Kiwambo Cheusi si Kifo cha Tarakilishi: Somo la Kuitafuta Hitilafu kwa Utaratibu

Utangulizi

Siku za kuwasilisha tasnifu zinapokaribia, hakuna taarifa inayotia hofu mabwenini kuliko hii: "Mashine yangu haiwaki." Mwenye kuitoa huwa amebonyeza kitufe mara kumi, amekitazama kiwambo cheusi, kisha amekata shauri kwamba tarakilishi imekufa pamoja na sura zote tano za utafiti wake. Kinachofuata huwa ni safari ya kwenda kwa fundi, gharama isiyotarajiwa na, mara nyingine, hasara kubwa kuliko hitilafu yenyewe.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwanafunzi wa lugha, asiye na mafunzo ya uhandisi, namna ya kuichunguza tarakilishi ya mezani isiyoonyesha picha. Hoja yetu kuu ni kwamba weusi wa kiwambo si hitilafu moja bali ni dalili inayozaliwa na hitilafu za aina nne, na kwamba anayeweza kuutaja kwa usahihi weusi alio nao amekwisha kufanya nusu ya kazi ya ufundi. Hoja ya pili inatokana na hiyo ya kwanza: kazi iliyohifadhiwa katika diski kwa kawaida haihusiki na weusi huo, na kwa hiyo haifai kutolewa kafara.

Kuhusu istilahi, tumelitumia neno tarakilishi kwa kuwa ndilo lililozoeleka katika vitabu vya shule nchini Kenya, ingawa madukani, na nchini Tanzania kwa jumla, kompyuta ndilo linalotawala. Kiwambo ni kile kioo tunachokitazama. Ubao mama ni ubao mpana ambamo viungo vyote vimechomekwa. Kichakataji ni chipu inayofanya hesabu. Kumbukumbu ni vibao vyembamba vinavyoshikilia kazi kwa muda mashine inapokuwa inawaka. Nayo diski ndiyo ghala la kudumu.

Safari ya Picha

Ili kuielewa hitilafu, sharti kwanza tuielewe safari. Umeme wa Kenya hufika soketini ukiwa mkondo geu wa volti 240. Kisanduku cha umeme, kile chenye feni nyuma ya mashine, huupokea na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, volti 5 na volti 3.3, kisha huugawia ubao mama na viungo vingine.

Kitufe kinapobonyezwa, programu ndogo iliyomo katika chipu ya ubao mama huamka kwanza. Programu hiyo huitwa bayosi, na katika mashine za miaka ya karibuni jina lake ni UEFI. Kazi yake ya awali ni kuvikagua viungo: je, kichakataji kipo? Je, kumbukumbu inajibu? Je, kuna kadi ya michoro? Desturi hii ya mashine kujikagua si ngeni. Ilikuwamo katika tarakilishi ya kibinafsi ya IBM iliyotolewa mwaka wa 1981, ambayo ilitoa mlio mmoja mfupi kutangaza kwamba mambo yote yalikuwa sawa.

Ukaguzi ukifaulu, picha ya kwanza hutumwa kutoka kwenye kadi ya michoro, hupitia katika waya, na kufika kiwamboni. Nembo ya mtengenezaji tunayoiona mwanzoni ni sehemu ya picha hiyo. Baada ya hapo ndipo mashine huiendea diski kuutafuta mfumo endeshi. Mpangilio huu una maana kubwa kwetu. Tarakilishi iliyoondolewa diski kabisa bado huonyesha picha, walau ujumbe wa kulalamika kwamba haikuona diski. Kwa hiyo kiwambo ambacho hakikuonyesha chochote tangu mwanzo kinatueleza kwamba safari ilikatika kabla ya diski kufikiwa.

Neno "Haiwaki" na Weusi wa Aina Nne

Neno haiwaki hubebeshwa mzigo mkubwa mno. Husemwa kwa mashine isiyo na dalili yoyote ya uhai, na husemwa vilevile kwa mashine ambayo feni zake zinavuma na taa zake zinameremeta. Fundi anayelipokea neno hilo peke yake amepewa kitendawili. Tunapendekeza weusi ugawanywe hivi:

(a) Weusi wa kukosa uhai: hakuna taa, hakuna feni, hakuna sauti.

(b) Weusi wa kiwambo: mashine inafanya kazi ipasavyo, ila picha haifiki au haionekani.

(c) Weusi wa ukaguzi: feni zinazunguka, lakini mashine imekwama katika kujikagua.

(d) Weusi wa mfumo: nembo huonekana mwanzoni, kisha kiwambo huwa cheusi.

Msomaji atambue kwamba kuutofautisha weusi mmoja na mwingine hakuhitaji bisibisi. Kunahitaji macho, masikio na subira ya dakika chache.

Tahadhari

Kabla ya kugusa chochote ndani ya mashine, plagi ichomolewe. Mguse ubao wa chuma wa kasha kwa mkono mtupu ili umeme tuli ulio mwilini upate pa kutokea, maana kiasi ambacho hata hatukihisi chaweza kuiharibu chipu. Kisanduku cha umeme chenyewe kisifunguliwe kamwe: kapasita zilizomo ndani zaweza kushikilia volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kutolewa. Onyo hilo ni kali zaidi kwa viwambo vya zamani vyenye kisogo kirefu, ambavyo ndani yake volti huhesabiwa kwa maelfu.

Kanuni nyingine ni ya kimbinu. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha ujaribu, kisha uandike matokeo. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja na mashine ikawaka hatajua ni kipi kilichomponya mgonjwa, na kesho ugonjwa ukirejea ataanza upya.

Weusi wa Kukosa Uhai

Hapa tunaanzia ukutani. Chomeka taa ya kusomea au chaja ya simu katika soketi ileile. Ikiwa haiwaki, tatizo liko ukutani au katika kebo ya ekstensheni. Kumbuka pia kwamba plagi zetu zenye meno matatu huwa na fyuzi ndani yake. Fyuzi iliyoungua huifanya tarakilishi nzima ionekane maiti, ilhali dawa yake ni ya bei ndogo. Ibadilishwe kwa fyuzi ya kiwango kilekile, wala isizibwe kwa kipande cha waya.

Tazama kisha nyuma ya kisanduku cha umeme. Vingi vina swichi yenye alama za I na O. Upande wa O ni kuzima. Baadhi ya vile vya zamani vina swichi nyingine ndogo ya kuchagua volti 115 au 230. Kwetu sharti iwe 230. Ikiwekwa 115 katika umeme wa Kenya, kisanduku huenda kikaungua papo hapo.

Hatua inayofuata ni ya ajabu kwa urahisi wake. Chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia kwa muda wa sekunde 30, kisha uurudishe waya na kujaribu. Kufanya hivyo humaliza umeme uliosalia katika mizunguko ya ndani, na mashine iliyoduwaa baada ya umeme kupotea na kurudi kwa kishindo mara nyingine huzinduka. Hatua hizi zote zikishindikana, anayeshukiwa ni kisanduku cha umeme au kitufe chenyewe, na njia nzuri ya kuthibitisha ni kuazima kisanduku kizima kinachojulikana kuwa kinafanya kazi.

Weusi wa Kiwambo

Ikiwa mashine inavuma, kitazame kiwambo chenyewe. Kina taa yake ndogo. Katika viwambo vingi, taa hiyo ikiwa ya rangi ya manjano au chungwa, au ikipepesa, maana yake ni kwamba kiwambo kina umeme lakini hakipokei picha. Ikiwa imezimika kabisa, huenda waya wa umeme wa kiwambo umelegea.

Lipo jaribio jepesi la kupambanua. Subiri dakika mbili baada ya kuwasha, kisha bonyeza kitufe cha herufi kubwa katika kibodi mara kadhaa. Kama taa ya kibodi inawaka na kuzimika kila unapobonyeza, tarakilishi i hai, imeupita ukaguzi, na inakungoja. Tatizo limo kati ya kadi ya michoro na macho yako.

Hapo tuchunguze mambo manne. Kwanza, waya wa picha uchomolewe pande zote mbili, pini zake zitazamwe kama zimepinda, kisha urudishwe kwa uthabiti. Pili, kiwambo chenye matundu kadhaa, kwa mfano VGA na HDMI, sharti kielekezwe kwenye tundu linalotumika kwa kutumia vitufe vyake. Kikielekezwa kwingine kitabaki cheusi ingawa picha imefika mlangoni. Tatu, tazama waya umechomekwa wapi nyuma ya mashine. Ikiwa kuna kadi ya michoro ya pekee, matundu yake huwa chini, mbali na matundu ya kibodi na kipanya, na waya wa kiwambo wafaa kuchomekwa humo. Mashine nyingi huyafunga matundu ya picha ya ubao mama mara zinapoiona kadi hiyo. Tena, baadhi ya vichakataji havina uwezo wa picha kabisa. Vile vya Intel ambavyo nambari yake inaishia na herufi F ni mfano.

Nne, zima taa ya chumba na ukimulike kiwambo kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Ukiona kivuli hafifu cha maandishi, picha ipo; taa ya nyuma ya kiwambo ndiyo iliyokufa. Mwenye kuliona hilo amejiepusha na gharama ya kuitengeneza mashine isiyougua.

Weusi wa Ukaguzi

Hapa ndipo penye ugumu, na ndipo subira inapolipa. Feni zinazunguka, kibodi haijibu, kiwambo hakipati kitu. Mashine imeuliza swali katika ukaguzi wake na haikujibiwa.

Isikilize kwanza. Kama ina spika ndogo ndani, itatoa milio ya idadi maalumu, mirefu na mifupi. Maana ya milio hutofautiana kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine, kwa hivyo ihesabu na kuiandika, kisha utafute maelezo ya aina hiyo ya mashine. Tarakilishi nyingi za ofisini za Dell hutumia kupepesa kwa taa ya kitufe cha kuwashia, na nyingi za HP huunganisha taa nyekundu na milio. Baadhi ya mbao mama mpya zina taa nne ndogo za kichakataji, kumbukumbu, kadi ya michoro na diski. Ile inayobaki ikiwaka ndiyo inayomtaja mshukiwa.

Mshukiwa wa kwanza kuhojiwa ni kumbukumbu, kwa kuwa ni rahisi kuifikia na huathirika na vumbi na mitikisiko ya usafiri. Plagi ikiwa imechomolewa, fungua vibanio vilivyo kando, ng'oa vibao vya kumbukumbu, safisha meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kitambaa kikavu au kifutio safi cha penseli, pangusa chembe zote, kisha urudishe kibao kimoja tu. Kisukume hadi kibanio kifunge kwa sauti. Jaribu kibao hicho katika kila mwanya, halafu jaribu kingine. Usilazimishe kibao kisichokubali kuingia: pengo lililo kwenye meno yake huwekwa makusudi ili DDR3 isiingie katika mwanya wa DDR4, wala DDR4 katika wa DDR5. Kwa mashine inayotumia DDR5, fahamu pia kwamba baada ya kumbukumbu kubadilishwa, uwashaji wa kwanza waweza kuchukua dakika kadhaa kiwambo kikiwa cheusi, na huo si ugonjwa.

Mshukiwa wa pili ni nyaya za umeme za ndani. Ubao mama una waya mkubwa wa pini 24, lakini kichakataji nacho kina waya wake wa pini 4 au 8 karibu na pembe ya juu. Usipochomekwa, feni huzunguka na picha haiji. Kadi kubwa ya michoro nayo haitosheki na wati 75 zinazotolewa na mwanya wake. Huhitaji waya wa ziada.

Mshukiwa wa tatu ni mipangilio ya bayosi. Huhifadhiwa kwa msaada wa betri bapa ya volti 3 iitwayo CR2032, jina linaloeleza umbo lake: upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Betri hiyo ikiondolewa kwa dakika kadhaa mashine ikiwa haina umeme, katika mashine nyingi za mezani mipangilio hurudi kama ilivyotoka kiwandani. Lakini zingatia onyo hili: ikiwa diski yako imesimbwa kwa BitLocker, mabadiliko ya aina hii huenda yakaifanya mashine idai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Hakikisha unajua ufunguo huo umehifadhiwa wapi.

Hayo yasipofaa, ivue mashine hadi ibaki na viungo vya lazima tu: kisanduku cha umeme, ubao mama, kichakataji pamoja na feni yake, kibao kimoja cha kumbukumbu, na njia moja ya picha. Diski na vifaa vyote vya USB vitolewe, kwani mara chache kifaa kibovu huweza kuizuia mashine nzima. Ikionyesha picha, rudisha kiungo kimoja kimoja hadi mkosaji ajitaje. Isipoonyesha, tazama kapasita za ubao mama. Zilizofura vichwa au kuvuja, jambo lililozikumba mashine nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni ithibati kwamba sasa ni zamu ya fundi.

Weusi wa Mfumo

Ikiwa nembo ilionekana kisha kiwambo kikawa cheusi, viungo vimekwisha kujieleza kuwa vizima kwa kiasi kikubwa. Katika Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Programu endeshi ya kadi ya michoro huanzishwa upya. Kitufe cha Windows pamoja na P husaidia ikiwa picha ilielekezwa kwenye kiwambo cha pili ambacho hakipo tena. Hayo yasipofaulu, katika Windows 10 na 11, kukatiza uwashaji mara mbili au tatu mfululizo huleta ukurasa wa ukarabati, ambamo mtu huweza kuingia katika hali salama na kuiondoa programu endeshi iliyovuruga mambo.

Hatima ya Tasnifu

Sasa turudi kwenye hofu iliyotajwa mwanzoni. Tumeona kwamba picha ya kwanza huja kabla ya diski kusomwa. Basi, anapotokea mtu kusema kwamba dawa ya kiwambo kisichoonyesha chochote tangu mwanzo ni kufuta diski na kuweka mfumo upya, mwanafunzi ana haki na wajibu wa kumwuliza: "Kufuta diski kutaponyaje kisichoifikia diski?" Hata katika weusi wa mfumo, kufuta ni njia ya mwisho, nayo hufuata baada ya kazi kunakiliwa.

Njia salama ni kuitoa diski, kuiunganisha na tarakilishi nyingine kwa waya wa kuigeuza kuwa kifaa cha USB, na kunakili kazi kabla ya jambo lolote. Kisha, mashine ipelekwe kwa fundi bila diski ikiwezekana. Mchunguzi wa weusi wa ukaguzi haihitaji.

Anapofika kwa fundi, mwanafunzi asiseme haiwaki. Aseme hivi: "Feni zinazunguka, taa ya kiwambo ni ya chungwa, hakuna milio, kibodi haijibu. Nimejaribu vibao viwili vya kumbukumbu kimoja kimoja. Kiwambo na waya vinafanya kazi kwenye mashine nyingine." Sentensi tatu hizo humwokolea fundi saa nzima, na humjulisha kwamba mteja wake hawezi kuuziwa kiungo asichokihitaji. Sisi tunaojifunza lugha tuna sababu ya kulitilia maanani jambo hili, kwa kuwa maelezo sahihi ni kazi tuliyojitwika.

Hitimisho

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kiwambo cheusi kimetukatia dirisha la kuitazama kazi yetu. Kazi yenyewe, mara nyingi, ingali mahali ilipowekwa. Utaratibu ni uleule daima: toka ukutani kuelekea kiwamboni, badilisha kimoja, jaribu, andika. Hata hivyo, diski nayo ina siku yake ya kufa, ambayo haitangazwi. Kwa hiyo nakala moja ya tasnifu iwe katika mashine, ya pili katika diski ya nje, na ya tatu katika hifadhi ya mtandaoni, ili hofu ya weusi ibaki kuwa hofu ya kifaa tu.

Maswali ya Kudurusu

1. Tarakilishi inavuma, na taa ya herufi kubwa ya kibodi inaitikia kila unapobonyeza, lakini kiwambo ni cheusi. Ni weusi wa aina gani? Taja mambo mawili utakayoyakagua kwanza.

2. Eleza kwa nini tarakilishi isiyo na diski bado huweza kuonyesha picha.

3. Mwenzako ameongeza kibao kipya cha kumbukumbu na mashine yake sasa haitoi picha. Mwelekeze hatua kwa hatua, ukizingatia kanuni ya kubadilisha kimoja kwa wakati.

4. Andika maelezo ya sentensi nne utakayompa fundi kuhusu mashine isiyoonyesha picha bila kutumia neno haiwaki.